Mtoto wa Pasipoti Mbili na Saini ya Mzazi Aliyebaki

“Baba yake yuko wapi?”

Mama anayetoka nje ya nchi na mtoto bila mume hulisikia swali hilo mapema. Huulizwa Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere usiku wa manane, foleni imejaa nyuma yake na mtoto amemlalia begani. Huulizwa mpakani Horohoro mchana wa jua kali, huku konda wa basi la Mombasa akipiga kelele kwamba gari linaondoka. Baba anayesafiri peke yake na mwanawe naye huulizwa, pengine kwa ukali zaidi: mama wa mtoto huyu yuko wapi, na anajua kwamba mnasafiri?

Wapo wanaolichukua swali hilo kama tusi. Mimi ndiye niliyemzaa, leo mtu wa sare aniulize kama nimemwiba? Uchungu huo naufahamu, lakini siungani nao. Afisa aliye dirishani hamjui mama wala mtoto. Anachojua ni kwamba watoto husafirishwa kiharamu, na kwamba nchi hii ilitunga sheria dhidi ya biashara hiyo mwaka 2008. Anajua pia kwamba wazazi waliogombana hunyang’anyana watoto, mmoja akapanda ndege na mwenziwe akabaki akipiga simu isiyopokelewa. Mtoto wa miaka minne hawezi kujieleza mbele ya dirisha. Swali lile linaulizwa kwa niaba yake, na mzazi mwenye nia njema anapaswa kuwa na jibu lililoandikwa, lenye saini na muhuri. Wengi hawana, si kwa ubaya, bali kwa sababu hakuna aliyewaambia kabla ya kukata tiketi.

Nayaandika haya nikiwafikiria watu wa Tongoni na vijiji vya jirani kwenye barabara ya Tanga kwenda Pangani. Wageni wengi huijua Tongoni kwa magofu yake: msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, baadhi yakiwa na nguzo, ya karne ya 14 na ya 15. Enzi hizo mahali hapa paliitwa Mtang’ata. Meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwenye mwamba wa bahari hii Aprili 1498, na Januari 1499 Wareno wenyewe wakaichoma moto papa hapa kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Basi watu wa upande huu hawakuanza jana kupokea wageni wala kuoana nao. Waliozikwa pale wanahesabiwa miongoni mwa Washirazi, watu waliojinasibisha na ng’ambo na wakati huohuo wakawa wenyeji kamili.

Siku hizi mambo ni yaleyale, ila yameingia karatasi. Mji wa Tanga una urafiki na mji wa Eckernförde wa kaskazini mwa Ujerumani tangu mwaka 1963, na Wajerumani wa kujitolea, wa utafiti na wa biashara hawajakauka hapa. Ndugu zetu wako Muscat na vitongoji vyake. Mombasa iko jirani. Kutoka Tanga hadi mpaka wa Horohoro ni kilomita 65 za lami. Kwa hiyo wapo watoto wenye bibi mmoja pwani ya Tanga na bibi mwingine Kiel, Muscat au Likoni, na mabibi wote wawili wanataka kumwona mjukuu. Hapo ndipo safari inapoanza, na mara nyingi mzazi mmoja tu ndiye mwenye likizo, nauli au viza.

Tuchukue mfano wa mama wa Tongoni aliyezaa na Mjerumani. Mtoto alizaliwa Hospitali ya Bombo. Baba amerudi kwao kikazi, na mama anataka kumpeleka mtoto kwa miezi miwili, kisha warudi shule zikifunguliwa.

Jambo la kwanza ambalo mama huyu hulisahau ni jina. Mwanamke wa pwani habadilishi jina kwa kuolewa. Anaitwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Mtoto anaitwa jina lake na ukoo wa baba, huenda ukawa ukoo wa Kijerumani ambao bibi yake hadi leo anautamka kwa shida. Afisa wa Frankfurt akizifungua pasipoti mbili juu ya meza yake, hakuna neno hata moja linalofanana kati ya mama na mwana. Sisi tunaona ni kawaida. Kule, watu waliozoea familia nzima kuwa na ukoo mmoja wanaona mwanamke amemshika mkono mtoto asiye na jina lake. Rangi nayo huongeza maswali, tusifichane.

Kinachowaunganisha hawa wawili ni cheti cha kuzaliwa. Si kadi ya kliniki, na si tangazo la kizazi lile la hospitali ambalo nyumba nyingi hulihifadhi wakidhani kazi imekwisha. Tangazo ni taarifa tu. Cheti hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kwa wilayani shughuli hiyo hufanyika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, au maombi huanzishwa kwa mtandao kupitia eRITA. Kwa waliozaliwa Unguja na Pemba, mamlaka ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii wa Zanzibar. Cheti kiwe na majina ya wazazi wote wawili, na mama akae chini akisome herufi kwa herufi kabla ya kutoka ofisini. Fatuma wa kwenye cheti akiwa Fatma kwenye pasipoti, hilo ni tatizo. Tarehe 03/07 ikigeuka kuwa 07/03, hilo ni tatizo kubwa zaidi, kwa sababu kila hati itakayofuata itazaliwa na kosa lilelile. Kosa la herufi hurekebishwa kwa hati ya kiapo na kwa kurudi RITA, nalo huchukua muda usiopatikana wiki ya safari.

Cheti kikiwa sawa, zinakuja pasipoti. Zamani jina la mtoto liliandikwa ndani ya pasipoti ya mzazi na mambo yakaisha. Sasa kila mtoto anahitaji ya kwake, hata mchanga wa wiki tatu. Pasipoti ya Tanzania, hii ya kielektroniki iliyozinduliwa Januari 2018, huombwa kwa kujaza fomu kwenye mtandao wa Uhamiaji, ikachapishwa na kupelekwa ofisini pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, uthibitisho wa uraia wa mzazi, picha na ridhaa ya mzazi au mlezi kwa maandishi. Gharama yake ni shilingi 150,000. Mtoto wa mfano wetu ana haki nayo bila shaka yoyote. Sheria ya Uraia, Sura ya 357, inamtambua aliyezaliwa hapa kwa mama Mtanzania kuwa raia. Angezaliwa Ujerumani pia angekuwa raia kwa kurithi, ili mradi mama mwenyewe hakuupata uraia wake kwa kurithi tu.

Pasipoti ya Kijerumani huombwa ubalozi wa Ujerumani, Umoja House, Dar es Salaam. Hapo wazazi wote wenye haki ya malezi hutakiwa kuridhia, kwa hiyo saini ya baba itahitajika hata kabla ya safari yenyewe. Pasipoti ya Mjerumani aliye chini ya miaka 24 hudumu miaka 6 tu, na ile ndogo ya watoto ilikoma kutolewa Januari 2024. Wamarekani nao ni hivyo: mtoto aliye chini ya miaka 16 hapewi pasipoti bila wazazi wote wawili kufika, au asiyefika kutuma fomu ya ridhaa iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji, na pasipoti hiyo hudumu miaka 5.

Sasa mtoto ana pasipoti mbili. Itumike ipi? Kanuni inayowaokoa watu ni hii: kila nchi ioneshwe pasipoti yake. Tanzania atoke na kuingia kwa pasipoti ya Tanzania. Ujerumani aingie na kutoka kwa ya Ujerumani. Kwenye kaunta ya ndege onesheni zote mbili, kwa sababu shirika la ndege linataka kujua kama huyu abiria ataruhusiwa kushuka anakokwenda. Marekani imeliweka hilo kisheria: raia wake lazima aingie na kutoka kwa pasipoti ya Kimarekani.

Nimeona balaa linalotokana na kuchanganya. Mtoto analetwa likizo kwa pasipoti ya kigeni pekee, anagongewa viza ya siku 90 kama mtalii, halafu bibi anasema abaki kwanza asome chekechea hapa. Mwaka unapita. Siku ya kuondoka, kompyuta inamwona mgeni aliyezidisha muda, ingawa mama yake ni Mtanzania na alizaliwa Bombo. Hilo lingezuilika kwa kwenda mapema ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na cheti cha kuzaliwa mkononi. Dirishani, ndege ikiwa imebakiza saa moja, ni mwendo wa kubembeleza.

Naja kwenye karatasi ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote baada ya cheti, nayo ndiyo inayodharauliwa: ridhaa ya mzazi anayebaki. Hakuna fomu moja ya dunia nzima. Baadhi ya balozi zina fomu zao, na kama ipo, tumieni hiyo. Kama haipo, barua ya ukurasa mmoja inatosha, alimradi ina mambo yake. Iandikwe hivi: Mimi fulani, mwenye pasipoti namba fulani, baba mzazi wa fulani aliyezaliwa tarehe fulani, ninaridhia mwanangu asafiri na mama yake, fulani, mwenye pasipoti namba fulani, kwenda Ujerumani kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii, na kurudi naye Tanzania. Watafikia anuani hii. Ninapatikana kwa namba hii ya simu.

Maneno ya kurudi yasiachwe. Barua nyingi huruhusu kwenda tu, halafu mama anasimama uwanja wa Frankfurt akitaka kumrudisha mtoto Tanga na hana cha kuonesha. Kwa familia yenye nchi mbili, kila uwanja ni wa kuondokea. Namba za pasipoti zote za mtoto ziandikwe, si moja. Tarehe ziwe halisi. Ridhaa ya “wakati wowote, popote” humtia afisa wasiwasi, na kusema kweli hata mimi ingenitia. Ongezeni sentensi moja ya matibabu: kwamba mama anaweza kuridhia mtoto atibiwe akiugua. Hospitali nyingi za nje husita kumgusa mtoto kabla ya kujua nani mwenye kauli.

Saini ndiyo roho ya barua hiyo, na saini isiyoshuhudiwa ni mchoro tu. Mzazi akiwa Tanga, asaini mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo, agongewe muhuri, na nakala ya ukurasa wa pasipoti au kitambulisho chenye saini yake iambatishwe ili afisa alinganishe. Akiwa Ujerumani, atasaini kwa mthibitishaji wa huko au ubalozi wa Tanzania, Berlin. Akiwa Oman, ubalozi wetu Muscat. Akiwa Mombasa, konseli yetu iko pale mjini. Karatasi halisi itumwe kwa mkono au kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi. Picha ya WhatsApp itumike kama akiba tu.

Barua iwe ya Kiingereza au lugha ya nchi mnayokwenda. Kama iliandikwa kwa Kiswahili, Baraza la Kiswahili, BAKITA, hutafsiri na kuthibitisha tafsiri. Baadhi ya nchi hudai pia hati za Tanzania zipitie Wizara ya Mambo ya Nje kugongwa muhuri kabla ubalozi wao haujazipokea. Ulizeni ubalozi husika kwanza, mkiwa bado na miezi miwili mitatu mbele yenu, kwa sababu mzunguko wa Tanga, Dar es Salaam na huenda Dodoma hauishi kwa siku moja. Anayeomba viza ya Schengen kwa ajili ya mtoto, yaani yule asiye na pasipoti ya huko, ataiwasilisha ridhaa hiyo wakati uleule wa maombi.

Kila kitu kiwe na vivuli viwili. Karatasi halisi zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Nasema hivi kwa sababu nimemwona mama pale kaunta akieleza kwamba cheti kipo, kipo kabisa, ila kimo kwenye begi la bluu, na begi la bluu lilikuwa limeshapita kwenye mkanda.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba wazazi wanaelewana. Wengine hawaelewani, na hapo pwani yetu ina tatizo lake. Watu wakiachana, mwanamke hubaki na karatasi ya talaka ya shehe au ya BAKWATA, naye anaamini kwamba mtoto akiwa kwake basi mambo yamekwisha. Karatasi ile inazungumzia ndoa. Haimtaji mtoto atasafiri na nani. Malezi huamuliwa na mahakama, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Mtoto ya 2009 kwa Tanzania Bara, na Zanzibar kwa Sheria ya Mtoto ya 2011. Sheria ya Ndoa inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa. Mwenye amri ya mahakama aibebe, nakala iliyothibitishwa, na asome kama inamruhusu kumtoa mtoto nje ya nchi. Ikinyamaza, arudi mahakamani aombe ruhusa. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya ndiye mlango wa karibu kwa asiye na wakili. Mzazi mwenza akiwa amefariki, cheti cha kifo kinachukua nafasi ya ridhaa.

Kuna wanaoamua kuondoka kimyakimya. Wajue wanachoingia. Upo mkataba wa kimataifa wa The Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980, unaozisaidia nchi wanachama kumrudisha haraka mtoto aliyechukuliwa na mzazi mmoja hadi kesi ya malezi iamuliwe alikokuwa akiishi. Tanzania haimo. Maana yake, baba aliyechukuliwa mtoto kutoka Hamburg hadi Tongoni hana njia hiyo ya mkato, na mama aliyechukuliwa wake kutoka Tongoni hadi Hamburg naye hana. Ndiyo sababu wenzetu wa Ulaya huwa waangalifu zaidi na mtoto anayesafiri kuja huku. Kanuni za mipaka ya Schengen zinamtaka mlinzi amkague kwa makini mtoto aliye na mtu mzima mmoja pale kunapokuwa na shaka kwamba ametolewa kinyume cha haki ya malezi. Kumtoa mtoto Ujerumani bila idhini ya mzazi mwenye haki ya malezi kunaweza kuwa kosa la jinai, na mama anayefanya hivyo kwa hasira anaweza kujifungia mlango wa nchi ambayo nusu ya ukoo wa mwanawe imo. Naiona ni dhuluma kwa mtoto, awe amechukuliwa na mama au na baba.

Kwa walioolewa Oman hesabu ni nyingine. Mtoto wa baba Muomani ni Muomani, na Oman haikubali uraia wa nchi ya pili bila ruhusa maalumu. Kabla ya kumtafutia mtoto pasipoti ya Tanzania, ulizeni kwanza upande wa baba, maana faida mnayoitafuta inaweza kumgharimu ya pale. Na mama mwenye hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto, asidhani ameshika kila kitu. Kwa sheria ya familia ya huko baba ndiye walii, na mtu wa Uhamiaji wa Muscat ataitaka kauli yake.

Upande wa Kenya mambo ni mepesi kidogo, lakini watu huyafanya mepesi kupita kiasi. Mtoto wa mama wa Tongoni na baba wa Likoni huvushwa Horohoro kwa mazoea, amepakatwa, bila karatasi hata moja. Naye anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, kivuli cha cheti cha kuzaliwa na ile barua ya ridhaa, pamoja na kadi ya homa ya manjano kama ametimiza mwaka mmoja. Katiba ya Kenya ya 2010 inamwachia mtu uraia wake wa kuzaliwa hata akiwa na mwingine. Ujerumani nayo, tangu tarehe 27 Juni 2024, inakubali uraia zaidi ya mmoja kwa raia wake.

Tanzania bado haijafika hapo. Uraia pacha kwa mtu mzima haupo kisheria. Mtoto huyu anaweza kushika pasipoti zote mbili akiwa mdogo, lakini akifikisha miaka 18 anatakiwa kuukana uraia wa upande wa pili, la sivyo wa Tanzania unamtoka. Wazazi wengi hulijua hilo kwa kusikia mtaani, na kijana hujikuta ameshavuka umri huo akiwa chuoni ng’ambo, hajaulizwa wala hajachagua. Mimi ningependa Bunge lifike mahali likakubali kwamba mtoto wa Tongoni mwenye baba Mjerumani hana kosa la kumlazimu achague kati ya bibi zake. Lakini sheria iliyopo ndiyo inayofanya kazi leo, na mzazi wa mtoto wa miaka 16 au 17 afike Uhamiaji sasa, akiwa na mtoto mwenyewe, waelezwe utaratibu wakiwa bado na muda wa kuamua pamoja.